Upau wa Chini Unatetemeka

Jumatatu, 3 Machi

Ofisini saa mbili kasorobo. Nimefagia, nimefungua dirisha la upande wa barabara, nimewasha kompyuta. Chai iko kwenye chupa. Ramani ya Mitunguu bado ipo mezani: shamba moja la migomba, ndugu watano, kila mmoja anataka kipande kizuri. Bwana Mutwiri alilipima wiki jana. Yeye ndiye mpima ardhi, mimi ndiye mchoraji wake. Miaka kumi na moja sasa, chumba hiki hiki, juu ya duka la mbegu hapa Makutano, mjini Meru.

Saa nne hivi upau wa chini wa skrini, ule wenye saa na vitufe vya programu, ukaanza kutetemeka. Kama maji ya ugali kabla hayajachemka. Nikaacha kuchora, nikautazama. Umetulia. Nikarudi kwenye ramani. Ukaanza tena.

Nimezima, nimewasha. Vile vile. Vipande viwili vimekamilika kati ya vitano. Sijaridhika na siku hii.

Jumanne, 4 Machi

Upau bado. Leo una kivuli pia, rangi ya majivu, zaidi upande wa kulia.

Kinachoniudhi si kutetemeka kwenyewe. Ni kwamba nikiutazama moja kwa moja unakaa sawa, saa inasomeka, kila kitufe mahali pake. Nikiangalia katikati ya skrini, unacheza. Nimewahi kufundisha shule ya Jumapili. Watoto wa namna hii nawajua.

Bwana Mutwiri ameuliza ramani itakuwa tayari lini. Nimesema Ijumaa. Wale ndugu hawajazungumza kwa miaka, na sasa wamekubali kukaa meza moja, Jumatano ijayo, mbele ya chifu. Ramani ikichelewa watapata nafasi ya kukasirikiana upya.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwita Kinoti. Ana kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta hapo chini, mlango unaofuata duka la mbegu. Alikuja na soda yake mkononi. Akakaa kwenye kiti changu, akaukodolea macho upau dakika kumi nzima. Hakuona kitu.

“Madam Rwamba, hii mashine iko fiti kabisa. Labda inakuogopa tu.”

Nikamwambia asiangalie upau, aangalie katikati. Akaangalia katikati. Hakuona kitu. Hata hivyo alifungua orodha ya programu zinazofanya kazi, akaizima ile inayochora upau, akaiwasha tena. Upau ulipotea, ukarudi. Nikadhani umepona. Ulipona dakika tatu.

Kisha akapiga picha ya skrini, akaifungua. Safi. Akaituma kwa simu yake. Safi huko pia. Akasema kama tatizo lingekuwa ndani ya mashine, picha ingelionyesha. Mimi nikasema hitilafu nyingine ni janja, hujificha ikijua inapigwa picha. Alicheka mpaka soda ikamwagika kidogo. Mimi sikuwa nafanya mzaha.

Sipendi kuambiwa kwamba kitu ninachokiona hakipo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeondoa ule mng'ao unaofanya upau uonekane kama kioo. Nimeubadilisha rangi, ukawa mweusi. Nimefuta ghala la picha za vitufe, likajijenga upya. Kinoti amerudisha draiva ya zamani ya skrini, kisha akaweka mpya zaidi, kisha akabadilisha waya kwa kuwa nilimsumbua. Hakuna lolote lililosaidia. Amesema hatakuja tena mpaka nimpikie chapati.

Vipande vitatu.

Jioni chumbani kulikuwa na vijidudu vyeusi, vidogo, vinaelea mbele ya uso. Nimevipiga makofi. Mikono mitupu. Nimepuliza dawa ya mbu, nikakaa nje mpaka harufu ikaisha.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimefikiri kama mtu wa kazi yangu. Kipimo kikikutia shaka, hukai mahali pamoja ukibishana nacho. Unakwenda kwenye bikoni nyingine, lile jiwe la mpaka, unapima kutoka huko.

Basi nimeuhamisha upau. Nimeuvuta kutoka chini, nikaupeleka juu kabisa ya skrini. Asubuhi yote umekaa huko juu bila kutikisika. Na kule chini, mahali ambapo sasa hakuna upau wala saa, pametetemeka vile vile. Kivuli cha majivu kwenye karatasi tupu.

Kwa hiyo si upau. Ni kioo. Skrini inakufa kuanzia chini. Nilishuka ngazi mwenyewe kumwambia Kinoti. Akakubali, akasema skrini za zamani hufanya hivyo, na kwamba kumbe nina akili. Nilifurahi kupita kiasi. Nimemaliza vipande vyote vitano na kutoka saa kumi kamili.

Bwana Mutwiri ataleta skrini ya nyumbani kwake Jumatatu. Ramani nimeiacha mezani kwake.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefua. Nimepika githeri, mahindi na maharagwe, ya siku mbili. Nilipoinama kuokota sabuni nikaona kimweko pembeni, kama mtu amewasha na kuzima tochi. Sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Jumapili, 9 Machi

Benchi la sita. Mhubiri alikuwa mbele, amesimama kwenye ngazi. Chini yake, mahali pa vichwa vya watu wa mbele, pakatetemeka. Kivuli kile kile. Upande ule ule wa kulia.

Kanisani hakuna skrini.

Nikainua kichwa, nikatazama dari. Kivuli kikapanda nami, kikakaa chini ya dari. Nikatazama mlango. Kikaenda mlangoni. Watu waliposimama kuimba mimi nilibaki nimekaa. Mama mmoja akanigusa bega akidhani nimeguswa na neno.

Sasa niandike, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Jicho langu la kushoto halioni. Nilikuwa na miaka saba. Nyumbani ni Kiambere, upande wa bwawa, na ua wetu ni wa mnyaa, ule mti usio na majani, ukiukata unatoa maziwa. Mama alikuwa akipunguza ua kwa panga. Mimi nilikuwa nyuma yake naokota matawi. Utomvu ukaruka. Aliniosha kwa maziwa ya mbuzi, kisha kwa maji, kisha akanibeba mgongoni hadi zahanati, na zahanati ilikuwa mbali. Nje likapona vizuri. Anayeniona hajui.

Ofisini hakuna anayejua. Meza yangu niliichagua mwenyewe, ukuta uwe kushoto, mtu asinijie kutoka huko. Nyumbani neno jicho halitajwi. Mama hajawahi kuniuliza hata mara moja kama linaona. Nami sijawahi kumwambia. Hatukukubaliana hivyo, tumeishi tu hivyo.

Mtu mwenye macho mawili angefumba moja siku ya kwanza, akajua. Mimi sina la kufumba. Nina hili moja, na ndilo linalozimika.

Naogopa. Ndivyo ilivyo.

Jumatatu, 10 Machi

Skrini mpya imekuja. Nilijua jibu na bado nikaifunga waya. Kivuli kiko pale pale. Kimepanda kama upana wa kidole.

Halafu nikafanya jambo ambalo sijui nilieleze vipi hata kwangu. Nilimwita Kinoti, nikamwambia afute mashine yote na kuweka Windows upya. Akauliza kwa nini, na tulisema ni kioo. Nikamwambia afanye tu. Ilimchukua nusu siku. Mimi nimekaa kando yake nikitazama asilimia zikipanda, kumi, ishirini, arobaini, kama mgonjwa anayetazama dripu yake. Ilipofika mia akasema, “Haya Madam, imezaliwa upya.” Nikamshukuru.

Nina akili timamu. Nimesoma. Najua kwamba jicho haliwekwi Windows.

Lakini hospitali watauliza ndugu wa karibu ni nani. Ni Mama. Watampigia simu na kumwambia ni jicho. Nilifikiri hilo asubuhi yote, na kila nilipofikia hapo nikarudi kwenye mashine. Heri nipofuke kabisa kuliko mtu kumtamkia Mama neno hilo kwenye simu. Hivyo ndivyo nilivyopiga hesabu, na nimeikasirikia nafsi yangu.

Jumanne, 11 Machi

Bwana Mutwiri aliniita kabla sijavua sweta. Ramani ya Mitunguu ilikuwa mbele yake.

Kipande cha tano hakina njia ya kufika kwenye mfereji. Kule Mitunguu hilo ndilo jambo la kwanza. Ukigawa shamba unagawa maji kwanza, ardhi baadaye. Kila kipande lazima kiguse mfereji, au kiwe na kijia cha kuufikia, la sivyo aliyepewa amepewa mahali pa kukaushia nguo. Kijia hicho yeye alikipima. Namba zake zimo kwenye daftari lake, kwa wino, zimepigiwa mstari. Kinapita chini kabisa ya karatasi. Mimi sikukichora.

Kipande hicho ni cha kitinda mimba. Kesho angeikuta ramani mbele ya chifu, angehesabu kwamba kaka zake wamemnyima maji, na hapo ndipo mambo yangeishia. Kwa miaka kumi na moja sijawahi kuruka hata mstari mmoja.

Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kufanya. Aliuliza tu, “Rwamba, ni nini?”

Nikamwambia. Nikiwa nimesimama, begi bado begani. La kushoto, tangu utoto. La kulia, tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Upau, waya, skrini, kanisa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua funguo za gari. Hakusema pole. Nilimshukuru kimoyomoyo kwa hilo.

Daktari wa macho hapa mjini ni mwanamke, mdogo kwangu. Alimulika muda mrefu. Retina, utando wa nyuma ya jicho, imechanika na kubanduka kutoka juu. Jicho hupindua picha, kwa hiyo kinachobanduka juu hupotea chini. Sehemu ya katikati, inayosomea, bado imeshika, lakini kwa ukingo mwembamba. Ikibanduka hiyo, kusoma kumekwisha, na pengine kuona kumekwisha. Operesheni Nairobi, kesho. Si keshokutwa.

Akauliza ilianza lini. Nikasema leo ni siku ya tisa. Akauliza nimefanya nini siku zote hizo. Nikamwambia. Kalamu yake ikasimama.

“Ukaweka Windows mpya?”

“Ndiyo, daktari.”

Hakucheka. Mimi ndiye niliyecheka, halafu nikalia kidogo.

Kwenye fomu, mahali pa ndugu wa karibu, niliacha wazi. Bwana Mutwiri akauliza namba ya Mama. Nikampa. Akatoka kwenda kupiga simu. Kupitia mlango nilisikia akisema “ndiyo, Mama” mara tatu.

Jumatano, 12 Machi

Nairobi. Naandika kwa herufi kubwa, na mistari ya chini ya ukurasa siioni.

Tumetoka Meru alfajiri, Bwana Mutwiri akiendesha polepole kama amebeba mayai. Nilishika kichwa kwa mikono miwili kila palipokuwa na matuta. Kabla ya kuondoka ameniambia kwamba kijia amekichora mwenyewe, kwa mkono, na ramani imekwenda na msaidizi.

Mama alikuwa amefika kabla yetu. Sijui alipanda gari saa ngapi kule Kiambere. Amekaa wima kwenye benchi, kitambaa cha kanisani kichwani, mkoba kwenye magoti. Akanisalimia “Mama”, kama siku zote, maana nimepewa jina la mama yake. Akauliza kama nimekula. Nikamwambia nimekatazwa. Akasema basi naye hatakula.

Amekaa kulia kwangu. Nimekumbuka kanisani, mazishini, kwenye harusi ya dada yangu, mezani nyumbani. Siku zote hukaa kulia kwangu. Sikuwahi kuliona hilo mpaka leo.

Jicho hajalitaja. Fomu ameitia sahihi kwa herufi za polepole, kila moja peke yake.

Kivuli kimefika karibu na pua za watu. Naona macho yao, midomo hapana.

Wananiita.

Jumatatu, 24 Machi

Kiambere. Nimeruhusiwa kuandika dakika kumi kwa siku. Hizi ni za leo.

Nililala kifudifudi siku tano, paji la uso kwenye mto wenye tundu. Ndani ya jicho wamejaza gesi ili ikandamize retina ishike. Gesi ikiwemo nisipande ndege wala mlima, na Mama aliposikia neno mlima akaamua hapohapo kwamba Meru siendi, naenda nyumbani kwenye tambarare. Daktari wa Nairobi alisema Meru ingefaa tu. Mama hakumsikia daktari.

Mwanzoni niliona ukungu mtupu. Sasa gesi inapungua na naona ukingo wake, mstari unaochezacheza katikati ya kila kitu. Juu ya mstari naona mbuzi, chini ya mstari ni maji. Kila siku unashuka. Daktari alikuwa amenionya kabla sijatoka, akaongeza kwamba kwa mstari huo nisimwite fundi wa kompyuta. Amejifunza kunitania.

Ila hakuna anayejua gesi ikiisha kutabaki nini. Daktari amesema tungoje. Mimi sijui kungoja. Nahesabu mbuzi. Kumi na mmoja.

Bwana Mutwiri amepiga simu. Ndugu watano walitia sahihi wote, kisha wakagombana kuhusu mparachichi uliosimama mpakani. Nimefarijika kusikia wako wazima. Kinoti ananisalimu. Anasema kompyuta yangu sasa inakimbia kuliko zote za jengo zima.

Jumamosi, 29 Machi

Mstari uko kwenye magoti ya watu. Nimesoma maandishi ya mfuko wa unga, yale makubwa. Yale madogo sikuweza. Nikajaribu tena baada ya saa moja. Sikuweza. Nimekula bila hamu.

Ijumaa, 4 Aprili

Jana tulirudi Nairobi kwa daktari. Dada yangu alitusindikiza.

Katikati imeshika. Nilisoma mpaka mstari wa pili kutoka mwisho kwenye ubao wa herufi. Daktari akanifanya nirudie, nikarudia. Pembe ya chini upande wa kulia haitarudi. Nitakuwa nikiinamisha kichwa ili kuona ngazi. Kazini nitarudi baada ya Pasaka, nusu siku kwanza. Kila karatasi nitakayochora, mtu mwingine ataikagua sehemu ya chini. Nimemwambia Bwana Mutwiri hivyo mimi mwenyewe, kabla hajasema.

Sikulia. Nilikuwa na njaa sana. Tulinunua mandazi, tukala tumesimama.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Hatukuenda kanisani. Mbuzi wamebanana chini ya paa la ghala na wananuka.

Dawa ya matone ni mara nne kwa siku. Mama ndiye huiweka. Kiganja kimoja kwenye paji la uso wangu, mkono wa pili na chupa. Siku za kwanza matone mengi yaliishia sikioni. Sasa hapotezi hata moja. Akishaweka, nafumba jicho kwa dakika tano, naye hukaa kitandani kuzihesabu, kwa sababu haiamini saa yangu.

Leo mchana, nikiwa nimelifumba, hakuondoa kiganja. Akaniuliza kwa Kimbeere, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama maziwa yamechemka.

“Mama, na lile lingine. Linaona chochote?”

Miaka thelathini na sita.

Nikamwambia halioni vitu. Linajua penye mwanga na penye giza, basi.

“Hata sasa?”

“Hata sasa. Dirisha liko pale.” Nikaonyesha kwa kidole.

Mvua ilikuwa inapiga mabati na sikusikia kama alikuwa akilia, wala sikufumbua jicho kumwangalia. Kisha kitanda kikainuka kidogo upande wake. Nikasikia hatua zake, nikasikia pete za pazia zikivutwa kwenye waya, mpaka mwisho.

Akauliza kama sasa mwanga ni zaidi.

Nikamwambia ndiyo, ni zaidi.